Mtoto hataki chakula chenye majani ya viungo, na kwetu chakula ni sehemu ya ibada. Nifanyeje?

BustaniYaMama:
Habari zenu wanajukwaa. Naomba mnisaidie kwa hili, limeninyima raha kabisa.

Mimi ni mama mwenye imani na napenda kupika. Nje ya jiko nimepanda mrehani, mnanaa, giligilani, rozmari na zaatari kwenye makopo, na unga wa viungo vya pakiti hauingii kwenye sufuria yangu. Kwangu mimi kumpikia mtoto kitu kilichochumwa dakika hiyo hiyo ni kumwambia kwamba ni zawadi niliyopewa na Mungu na naitunza. Sala ya chakula kwetu hairukwi.

Shida ni mwanangu wa pili, ana miaka 7. Akiona jani kwenye sahani, uso unabadilika. Nimekatakata mpaka vidole vinauma, bado analiona. Swali langu: ni majani gani yasiyo na harufu kali, ambayo mtoto hawezi kuyatambua? Au niyasage kabisa? Nataka ale mezani kama wenzake. Asanteni.

MwikoWaMbao:
Karibu dada, hapa umefika kwangu. Kabla ya kuuliza jani gani, jiulize unalitia saa ngapi. Majani magumu kama rozmari na zaatari yanaingia mapema, na ni heri uyatie na kijiti chake halafu ukitoe chakula kikiiva. Ladha inabaki, jani halionekani. Majani laini kama mrehani, mnanaa na giligilani yanaingia mwishoni kabisa, moto umeshazimwa au unakaribia kuzimwa. Ukiyachemsha muda mrefu yanageuka meusi, harufu inapotea na kinachobaki ni utelezi, na watoto wengi wanachokataa ni huo utelezi wenyewe.

Kama unatumia yaliyokaushwa, kijiko kimoja cha chai kinatosha mahali pa vijiko vitatu vya mabichi. Watu wengi wanakosea hapo, wanaweka kipimo kile kile halafu chakula kinakuwa kama dawa. Na mrehani uchane kwa mkono au uukate kwa kisu kikali sana. Kisu butu kinauponda, unakuwa mweusi kabla haujafika kwenye sufuria.

Mzee_wa_Kiti_cha_Mbele:
Samaki mkunje angali mbichi. Sisi tulikula tulichopewa na tukashukuru. Leo mama anaumiza vidole kumfichia mtoto jani! Mnawadekeza, kesho wanawapanda kichwani. Mtoto anayechagua chakula leo, kesho atachagua amri za kutii.

KichekoTele:
Mimi mdogo wangu alikuwa anaficha karoti mfukoni. Siku moja mama anafua, anaingiza mkono kwenye kaptura, anatoka na karoti zimeshaota ukungu. Nyumba nzima ilicheka isipokuwa mwenye kaptura. Sasa hivi ana watoto wake, na karoti ndiyo mboga anayowalazimisha. Dunia hii!

NesiZamuYaUsiku:
Dada, tuache majani kwanza. Mtoto mwenyewe anasema nini? Akila midomo inawasha? Inavimba? Anatoka vipele, anakohoa, anatapika? Kama kuna lolote kati ya hayo, acha kumjaribu nyumbani, mpeleke kwa daktari. Kama hakuna, tuambie anaeleza vipi hiyo ladha.

BustaniYaMama:
Hapana, hana mzio wowote. Mrehani na mnanaa anakula akibembelezwa. Ni giligilani hasa. Anasema "ina sabuni". Mimi ndiye ninayeosha vyombo, najua hakuna sabuni. Ni visingizio tu.

NesiZamuYaUsiku:
Si visingizio. Majani ya giligilani yana kemikali za jamii ya aldehaidi, na kemikali za namna hiyo zinapatikana pia kwenye sabuni. Kuna watu pua zao zinazikamata kwa ukali kuliko wengine. Utafiti uliotoka 2012 ulihusisha jambo hilo na jeni ya kunusa iitwayo OR6A2. Kwa hiyo wewe ukila unasikia ubichi mzuri wa bustani, yeye anasikia kipande cha sabuni, na nyote wawili mnasema kweli. Mbegu za giligilani hazina shida hiyo, harufu yake ni nyingine kabisa. Jaribu hizo.

Kwa majani mengine, kuwa na subira. Mtoto anaweza kuhitaji kuonja chakula kigeni mara 10 hadi 15 ndipo akizoee, na aonje kwa hiari, kidogo kidogo. Ukimlazimisha anakishika chakula kile pamoja na ile hofu.

MamaMapacha:
Nesi samahani, nadandia uzi. Mimi nina kichanga, bibi yake anataka tumpe maji ya mnanaa kwa ajili ya tumbo, kidogo tu na asali. Sawa?

NesiZamuYaUsiku:
Hapana mama. Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hahitaji. Na asali asiguse mpaka atimize mwaka, inaweza kubeba vijidudu vinavyomletea kichanga ugonjwa wa kulegea mwili. Mafuta yaliyokamuliwa kama ya mnanaa au mkalitusi yafungie mbali kabisa, mtoto akiyanywa hata kidogo ni hatari.

ChakiNaUbao:
Narudi kwa mleta mada. Nimeusoma uzi mara mbili na kuna sentensi haijanikalia vizuri. Umesema unataka "ale mezani kama wenzake". Kwani sasa hivi anakula wapi?

BustaniYaMama:
Hilo si la msingi. Nilikuwa nauliza kuhusu majani.

ChakiNaUbao:
Mimi naona ndilo la msingi. Anakula wapi?

BustaniYaMama:
Anakula jikoni, kwenye kigoda. Peke yake.

Ngoja nieleze msinihukumu. Kwetu watoto wanapokezana kuongoza sala ya chakula. Zamu yake ilipofika, chakula kilikuwa na giligilani, akanyamaza. Baba yake akamwambia aendelee. Akasema: "Siwezi kumwambia Mungu asante kwa kitu nisichokitaka. Nitakuwa namdanganya." Mbele ya wadogo zake! Nikaona kiburi, nikamtoa mezani mpaka atakapokuwa tayari kushukuru kama inavyopasa. Bado hayuko tayari. Nimeshaongea na mwalimu wake wa Jumapili, amsimamishe mbele ya wenzake aombe radhi.

Naamini nafanya sawa. Kumthamini mtoto si kumwachia kila anachotaka. Wana wa Israeli waliagizwa kula pasaka na mboga zenye uchungu, na hakuna aliyeulizwa kama anazipenda.

Mzee_wa_Kiti_cha_Mbele:
Sasa umeongea. Simama hapo hapo mama.

MkeWaMchungaji:
Dada yangu, sura hiyo hiyo ya Kutoka 12 endelea mpaka mstari wa 26. Watoto watakapouliza maana ya utumishi huu ni nini, wazazi wanaagizwa wawajibu. Ile meza ya mboga chungu iliwekwa ikijua kwamba mtoto atauliza. Hakuna mahali panaposema aondolewe.

Na soma pia 2 Wafalme 4, Elisha na wanafunzi wake. Mtu mmoja alienda kondeni kuchuma mboga, akarudi na matango-mwitu asiyoyajua, akayakatia kwenye chungu. Walipoonja wakalia kwamba mna mauti sufuriani. Elisha hakuwaambia hawana shukrani. Aliitisha unga, akautia kwenye kile chakula, wakala.

Mwanao hajakataa kuomba. Amekataa kuomba uongo. Mimi nimekaa kanisani maisha yangu yote, nimesikia sala za chakula zisizohesabika zilizosemwa mdomo ukiwa kwa Mungu na jicho likiwa kwenye paja la kuku. Mtoto anayeogopa kumdanganya Mungu mtunze.

UstadhMpole:
Nami nichangie kwa upande wetu. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwekewa nyama ya dhabbu, mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi, akarudisha mkono wake. Khalid bin Walid akamuuliza kama ni haramu. Akajibu si haramu, ila hakuwako katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid akaivuta akala, Mtume akimtazama, na hakuna aliyeondolewa kwenye mkeka. Hadithi nyingine inasema hakuwahi kukitia chakula dosari: akikitamani alikula, asipokitamani alikiacha.

Na yuko yule Al-Aqra bin Habis, aliyemwona Mtume akimbusu mjukuu wake Hasan, akasema yeye ana watoto 10 na hajawahi kumbusu hata mmoja. Akajibiwa kwamba asiyehurumia hahurumiwi. Mama, mtoto arudi mezani kwanza. Adabu atafundishwa akiwa amekaa karibu nawe.

HasiraZaHaki:
Mathayo 23:23. Zaka za mnanaa na bizari na jira mnatoa, rehema mmeiacha. Nimemaliza.

BustaniYaMama:
Maneno yako yameniumiza. Nimekuja kuomba ushauri.

Mpekuzi_Mkimya:
Wakuu, mbona mnalia machozi bure? Hii ni chai. Tena ina mchaichai ndani.

Mtu kajiunga juzi. Mwanzo tatizo ni jani, baadaye sabuni, baadaye sala, baadaye kigoda jikoni, baadaye mwalimu wa Jumapili. Kila mkijibu, hadithi inaongezeka chumba. Na mtoto gani wa miaka 7 anasema "nitakuwa namdanganya Mungu"? Hiyo ni sentensi ya mtu mzima aliyekaa na kalamu. Mleta mada anatafuta wachangiaji tu.

KichekoTele:
Mimi nilishaanza kumwonea huruma mtoto, kumbe huenda hata kigoda hakipo 😂

ChakiNaUbao:
Mpekuzi, hujakaa na watoto. Mimi nafundisha wa umri huo. Mmoja aliniuliza kama Mungu anachoka kusikiliza watu wote kwa wakati mmoja, na kama anachoka, je, yeye apumzike kuomba siku ya mtihani ili wengine wasikilizwe? Sikulala vizuri. Hivyo ndivyo wanavyosema, ila wengi wetu tunawakatisha kabla hawajamaliza.

BustaniYaMama:
Anayetaka kuamini aamini, asiyetaka aache. Nilijiunga juzi kwa sababu shida imenipata sasa, na sikusema yote mwanzoni kwa sababu ni mambo ya ndani kwangu.

Niwaambie jambo moja ambalo mtu hawezi kulitunga. Chakula kikiwa na giligilani hakigomei chote. Anaokota jani moja moja kwa kucha, analipanga pembezoni mwa sahani, makubwa huku, madogo huku, hata lile lililoganda kwenye mfupa wa samaki. Hasemi neno. Kisha anakula vilivyobaki vyote, ananiletea sahani kwa mikono miwili, anasema, "Asante mama kwa samaki." Kwa samaki. Kila mara anataja alichokula kweli, na giligilani haitaji. Mimi nilikuwa naona ananikejeli.

MkeWaMchungaji:
Hiyo ni shukrani kamili, dada. Kwenye zamu yake mwache aombe hivyo hivyo: ashukuru kwa samaki, kwa maji, kwa mama aliyepika, na jani alinyamazie. Baba yake akiitikia amina, yamekwisha.

UstadhMpole:
Na hakukitia chakula dosari, ameacha tu. Adabu hiyo watu wazima inatushinda.

Mpekuzi_Mkimya:
Hapo kwenye mfupa wa samaki mnisamehe, naendelea kusoma kimya.

Mzee_wa_Kiti_cha_Mbele:
Mimi bado nasema mtoto asipewe usukani wa nyumba. Lakini kula peke yake jikoni kwa ajili ya jani, hapana. Hata sisi hatukufanyiwa hivyo.

MwikoWaMbao:
Dada, giligilani isitiwe kwenye sufuria. Ikatekate, iweke kwenye bakuli lake katikati ya meza, kila mtu ajinyunyizie mwenyewe. Kwenye sufuria tia mbegu zake. Na yeye mpe kazi: amwagilie makopo, achume mrehani wa kupikia. Chuma vichwa vya juu, palipo na jozi ya majani, shina litatoa matawi mawili. Mtoto akichuma mwenyewe anaonja bila kuambiwa.

NesiZamuYaUsiku:
Na yule mwalimu wa Jumapili? Mmesema yote mmemsahau huyo. Mtoto akisimamishwa mbele ya wenzake kwa sababu ya ladha aliyozaliwa nayo, jani atalisahau, ile siku hataisahau. Mpigie leo.

BustaniYaMama:
Nitampigia aahirishe. Sijasema nafuta kabisa, nataka kwanza niongee na baba yake. Kigoda nimeshakitoa jikoni, leo anakaa mahali pake.

MwikoWaMbao, hizo mbegu nazikaanga kwanza au naziponda mbichi?

MwikoWaMbao:
Zikaange kavu, moto mdogo, ukitingisha kikaango mpaka zianze kunukia, kisha ziponde. Usiondoke hapo. Zikiungua kidogo tu zinakuwa chungu, na leo hatutaki chungu.