Waleti za ngozi kutoka Moshi kwa ajili ya harusi: nani anajua fundi?

Kutoka: mdogo wenu, Leeds

Shikamooni wakubwa, wengine mambo.

Mwezi wa nane kaka yangu anaoa huku, na mimi nimepewa kazi ya kutafuta zawadi za wapambe wake sita. Nimefikiria waleti za ngozi za kwetu, kila moja na herufi za jina la mwenyewe. Shida ni kwamba nimeshaumwa na nyoka. Mwaka juzi nikiwa likizo nilinunua mbili Arusha, kwenye kibanda kimoja cha vitu vya watalii, zimepigwa muhuri wa twiga na mlima. Yangu ilianza kubanduka kwenye mkunjo kabla ya Pasaka, ndani nikakuta kitambaa. Ya pili nilimpa bosi wangu, na sithubutu kumuuliza habari zake.

Kuna fundi wa uhakika? Na nikimpata, mzigo unafikaje huku bila forodha kunikamua?

Kutoka: dada, Rotterdam

Marahaba mdogo wangu, na pole. Hiyo ilikuwa ngozi ya unga. Mabaki ya kiwandani yanasagwa, yanachanganywa na gundi, yanabandikwa kwenye kitambaa, juu yanapakwa plastiki. Inanukia ngozi kwa sababu ngozi imo, kama soseji inavyokuwa na nyama.

Baba ana mkanda alioshonewa na fundi viatu pale Moshi mjini nikiwa darasa la tatu. Chuma cha mbele kimebadilishwa mara mbili, ngozi ni ile ile. Mimi sasa nina mtoto chuo kikuu.

Fundi tunaye humu humu. Alikaa Utrecht miaka tisa, akarudi, yuko Majengo. Mangi, upo?

Kutoka: fundi, Majengo, Moshi

Nipo. Nilikuwa napaka nta, mikono haikufaa kushika simu.

Bwana Leeds, najua unataka kunitumia picha ya waleti uliyoiona intaneti. Ngoja kwanza. Toa vyote vilivyomo kwenye waleti unayotumia leo, vipange mezani, upige picha hiyo. Mimi nashona kufuata vitu vinavyoingia.

Nakuambia kwa sababu nilishapata aibu. Nilipoanza nilimshonea mtu wa Uholanzi waleti nzuri kabisa, vipimo nimevitoa kwenye waleti yangu ya zamani ya dola. Akaniandikia kwamba hela zake zinachungulia nje kama watoto dirishani. Dola zote zina kimo kimoja, milimita 66. Noti ya euro 50 ina 77, ya 100 na ya 200 vilevile. Pauni zenu zinapanda ngazi: 5 ina 65, 10 ina 69, 20 ina 73, 50 ina 77. Kwa hiyo swali langu la kwanza ni hela ya nchi gani. Upana haunisumbui, huo unaamuliwa na kadi, na kadi za benki ni zile zile dunia nzima, milimita 85.6 kwa 54. Hata leseni ya udereva ya Bongo inaingia.

Swali la pili, kadi ngapi? Kadi moja ina unene wa milimita 0.76, nane zinapita 6 kidogo kabla sijaweka ngozi. Mtu akiniambia kadi kumi na nne namshauri anunue begi. Mifuko ya ndani naikata umbo la T ili ncha za chini zisirundikane mahali pamoja. Ngozi ya nje naiacha iwe ndefu kuliko ya ndani kwa milimita chache. Waleti inakaa kwenye hali ya kukunjwa maisha yake yote, na pande zote mbili zikiwa sawa, ya nje inavutwa kila siku hadi ipasuke mgongoni.

Ngozi sasa. Nyingi sokoni imechakatwa kwa chumvi za kromu, ni kazi ya siku moja mbili. Siidharau, ni laini, haiogopi mvua, kwa mkoba wa mama ni nzuri sana. Ukiikata, katikati mara nyingi utaona rangi ya kijivu ya kibuluu. Kwa waleti mimi napenda iliyochakatwa kwa maji ya magome, kama ya miwati, miti ile inayopandwa Njombe. Hiyo huchukua wiki kadhaa, inatoka ngumu kidogo, rangi ya chai ya maziwa. Ukidondoshea tone la maji linanyonywa na pale panakuwa peusi kidogo. Miezi ikipita, jua na mafuta ya mikono vinaigeuza hudhurungi. Na kingo zake zinakubali kusuguliwa: maji kidogo, nta ya nyuki, kipande cha turubai, unasugua mpaka tabaka zote zinashikana na kung'aa kama kwato. Kingo za rangi ya kupaka zinaanza kupukutika siku yoyote.

Kuna jambo moja la ngozi zetu. Ng'ombe wengi wa huku wamepigwa chapa ya moto, wamekwaruzwa na miiba, wameng'atwa na kupe. Kiwandani alama hizo zinashusha daraja la ngozi. Mimi alama ya mwiba naiweka nje kwa makusudi, isipokuwa mteja akatae. Chapa ya moto naikwepa, pale ngozi huwa imekufa.

Mshono ni wa mkono, uzi mmoja sindano mbili, kila tundu sindano zinapishana. Mshono wa mashine una nyuzi mbili zilizofungana katikati, mmoja ukikatika mwingine unalegea, unafumuka. Wa mkono ukikatika sehemu moja, upande wa pili bado umeshika, unaniletea narekebisha. Waleti moja ina kama sentimita 60 za mshono, tundu kila milimita 4. Hayo ni matundu 150, na kila moja linapitishwa sindano mara mbili. Uzi nakata mara nne ya urefu wa mshono.

Elfu tisini kila moja, na herufi.

Kutoka: mdogo wenu, Leeds

Elfu tisini, mangi? Hapa mtaani nyingine nazipata kwa pauni 15. Halafu hujasema ile karatasi ya bati ya kuzuia wezi kusoma kadi kwa mawimbi ya redio.

Kutoka: fundi, Majengo, Moshi

Za pauni 15 unazijua, mojawapo uliinunua Arusha.

Moja inanila siku nzima. Sita ni wiki, na Jumapili siguswi. Bati siweki, linavunjikavunjika kwenye mkunjo na kutoboa ngozi kwa ndani. Anayeogopa wezi wa mawimbi afunge zipu ya mfuko, wezi wa vidole ndio wengi.

Kutoka: mzee, Leicester

Vijana, la forodha. Kwa posta, zawadi ya mtu kwa mtu isiyozidi pauni 39 haitozwi kitu huku. Bidhaa ya kununua ina VAT asilimia 20, na ikizidi pauni 135 ushuru unafuata. Kuandika "zawadi" juu ya kitu ulichonunua ni uongo, msifanye. Njia safi ni abiria mwenyewe: anayekuja na ndege anaruhusiwa vitu vya pauni 390 vya matumizi yake au vya kutoa zawadi. Walioko Marekani wasahau ule msamaha wa dola 800 wa vifurushi, ulisimamishwa tarehe 29 Agosti 2025.

Na asiwepo wa kuniambia ngozi ya mamba au chatu. Hiyo inataka vibali vya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa kulinda wanyama pori, bila hivyo watawanyang'anya uwanjani.

Kutoka: mdogo wenu, Leeds

Nimeshawishika, na asante mzee. Mama anakuja harusini kupitia KIA, atazibeba yeye.

Orodha: wanne wa pauni, kadi sita kila mmoja. Mmoja yuko Hamburg, euro, kadi nane. Wa sita yuko Arusha, noti hana, kila kitu M-Pesa, anataka kadi nne tu na nafasi ya picha ya mwanawe. Picha za mezani nakutumia usiku.

Kutoka: fundi, Majengo, Moshi

Huyo wa Arusha nampenda, waleti yake itatoka nyembamba, nampunguzia elfu ishirini.

Mwambie mama asizifunge kwenye nailoni, zitaota ukungu njiani. Rambo zenyewe, mifuko ile ya plastiki, zilipigwa marufuku 2019 lakini akina mama wa Moshi wana akiba. Kitambaa cha pamba au gazeti linatosha. Na huko Leeds zikilowa, msiweke juu ya hita, ziacheni zikauke polepole mezani.

Mama apite kuzichukua kabla ya saa kumi, baada ya hapo naenda kuchukua watoto shule.