Kuku wa mayai wanakufa, antibayotiki ya OTC imegoma. Nitumie dawa gani?

Mzee wa Buswelu: Mwangaluka wakuu. Nina kuku wa mayai 420, wana wiki 31. Tangu Jumatatu wanasinzia, mabawa chini, wanaharisha njano. Nimeshazika tisa, na mayai yameshuka kutoka trei 12 hadi 8. Nimewawekea OTC kwenye maji, leo siku ya nne, hakuna nafuu. Nikiri tu, tangu vifaranga nawapa siku tatu kila mwezi kama kinga. Muuza dawa anasema nihamie antibayotiki nyingine, enrofloxacin. Mnasemaje?

Ngosha Igoma: Mkuu changanya zote mbili, siku tatu tu wamesimama. Mimi ndo zangu.

Dokta Nyegezi: Ngosha, hapo ndipo tunapoharibu. Mzee, pole sana. Hizo siku tatu za kila mwezi ndizo zilizokufugia usugu. Bakteria wanyonge walikufa, wakabaki wenye pampu ya kuitema OTC nje, wakazaliana. Tena wanagawiana ujuzi huo, E. koli anaweza kumpa hata bakteria wa aina nyingine, salmonela. Na hapo ni kama ni bakteria. Kama ni mdondo, hicho ni kirusi, hakuna antibayotiki inayokigusa. Mara ya mwisho ulichanja lini?

Enrofloxacin ni ndugu wa sipro (ciprofloxacin), antibayotiki tunayomeza sisi. Ikishaingia kwa kuku, sehemu yake inageuka kuwa sipro yenyewe. Marekani waliiondoa kwenye kuku mwaka 2005, baada ya kampilobakta, wale wanaoharisha watu, kuanza kuizoea. Usibahatishe nayo. Peleka kuku wawili waliokufa leo na mgonjwa mmoja aliye hai maabara ya mifugo ya serikali, TVLA, hapa Mwanza, wapasue, waoteshe vimelea, wavijaribu kwa dawa. Waambie umeshawapa OTC, maana inaweza kuficha vimelea. Waliokufa waweke kwenye barafu, usiwagandishe. Halafu mayai unapeleka wapi?

Mzee wa Buswelu: Chanjo… naona miezi mitano sasa. Mayai kwa wauza chipsi, kama kawaida.

Dokta Nyegezi: Simamisha kuuza mayai leo hii. Soma kibandiko cha OTC, siku za kusubiri kabla mayai hayajaliwa zimeandikwa. Enrofloxacin nyingi zimeandikwa kabisa zisipewe kuku wanaotaga.

Mama Mchicha Kisesa: Mzee, na ile samadi niliyolipia usiilete kwanza. Mchicha wangu watu wanachuma asubuhi wanapika mchana.

Mzee wa Buswelu: Sawa mama, hela yako ipo. Trei za leo nimezifukia nyuma ya banda, mke wangu haongei na mimi. Barafu nimepata kwa wauza samaki mwaloni Kirumba. Kesho saa moja niko njiani. Dokta, huyu aliye hai nimbebe kwenye boksi au tenga?

Dokta Nyegezi: Boksi lenye matundu, ukifika uliache hukohuko lichomwe. Ukirudi, usiingie bandani na viatu hivyohivyo.