Sheria ya ulemavu tunayo tokea 2006, gari ya Wete bado inaniacha kituoni

Assalam alaykum wana jukwaa. Leo sina subira, mnisamehe.

Natumia kiti mwendo. Asubuhi nilikuwa Wete, hapa Pemba, nangoja daladala ya njia 606 niende kliniki Chake Chake. Gari tatu zimenipita. Ya kwanza utingo kaniangalia kisha kagonga bati, twende. Ya pili kasema "dada, subiri ya nyuma". Ya tatu haikupunguza hata mwendo. Ya nne ndiyo iliyonichukua, kwa nauli mbili: yangu na ya kiti, eti ni mzigo. Kiti kikafungwa juu ya keria pamoja na mikungu ya ndizi, na kimeshuka pa kuwekea mguu pamevunjika.

Na kupanda kwenyewe! Ngazi ya nyuma mimi siiwezi, kwa hiyo nabebwa. Mimi mwanamke wa buibui, kila safari nashikwa kiunoni na wanaume nisiowajua, kituo kizima kinatazama. Hili halisemwi mikutanoni, lakini ndilo linaloniliza nikifika nyumbani.

Sasa niambieni, sheria zinafanya kazi gani? Zanzibar ilitunga yake 2006, ikatunga nyengine 2022. Tanzania imeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu 2009, na kifungu cha 9 kinataja usafiri waziwazi. Nani amewahi kumuuliza mwenye gari lolote habari hiyo anapokwenda kulipia leseni ya njia?

Marekani sheria yao ya ulemavu ya 1990 haikuishia kwenye maneno ya haki. Shirika la umma lenye mabasi ya njia maalumu lazima liwe na gari za kuwachukua wasioweza kupanda basi, hadi robo tatu ya maili kila upande wa njia. Unaagiza leo, kesho unafuatwa. Nauli isizidi mara mbili ya basi. Wenzetu mara mbili ndiyo mwisho, tena kwa gari lililokuja kukuchukua wewe. Mimi mara mbili nalipa ili nibebwe kama gunia la karafuu!

Sitaki gari mia. Nataka kila njia iwe na gari moja yenye mlango mpana na ubao wa kupandia, iandikwe kuwa sharti la leseni, na anayetoza nauli ya kiti atozwe faini.

Wanasheria mliomo humu, kesi kama hii inafunguliwa wapi? Mimi shahidi wa kwanza. Jumatatu narudi kliniki, saa kumi na mbili nitakuwa pale pale kituoni.