Duka la kubeti Kondele: kodi ipi ni ya mteja, ipi ni ya mwenye duka?

chumba_kondele: Chumba kiko tayari na kibali cha biashara cha kaunti ya Kisumu kimetoka. Je, kinatosha kuanza kupokea dau? Halafu hizi asilimia, mmoja anasema 5, mwingine 15, mwingine 20. Nani anakatwa nini?

mhasibu_milimani: Hiyo 20 isahau. Ilikuwa ikikatwa kwenye ushindi, pamoja na ushuru wa 15 kwenye kila dau, hadi Sheria ya Fedha ya 2025 ilipobadilisha mambo kuanzia 1 Julai. Sasa mteja anakatwa 5 akiweka pesa kwenye akaunti yake ya kubeti, na 5 akizitoa. Akiweka 1,000, anabaki na 950 za kuchezea. Akighairi, azitoe bila kubeti hata mechi moja, anapata 902.50. Mwandikie hilo kaunta kwa herufi kubwa, la sivyo utatukanwa wewe.

Ya kwako ni 15 ya dau zote ukitoa malipo ya washindi. Tuseme kwa mwezi wateja wameweka 600,000. Ushuru ni 30,000, zinazochezwa ni 570,000. Washindi wakilipwa 480,000, kwako zimebaki 90,000, na kodi yake ni 13,500. Wengi hukosea hapa: wanatoa 480,000 kwenye 600,000 na kulipa 18,000. Ule ushuru haukuwa mapato yako hata dakika moja.

Washindi nao wakitoa 480,000 zote, kuna 24,000 nyingine za KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Jumla KRA 67,500, wewe 76,500 kabla ya kodi ya nyumba, stima na mshahara.

nakuru_kaunta2: Hesabu ni sawa, ila tarehe ndizo huua maduka. Hiyo 13,500 inangoja hadi tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Zile mbili za mteja hazingoji: ni ndani ya saa 24 baada ya kufunga hesabu za siku. Jumamosi mikeka ikiingia mingi, mtu hulipa washindi kwa pesa ya ushuru akitarajia kuirudisha Jumatatu. Faini ya kuchelewesha kodi ni asilimia 5, na riba 1 kila mwezi. Fungua akaunti ya pili, uhamishe kila jioni.

mhasibu_milimani: Naam, na hiyo akaunti ya pili usiiunganishe na ya pesa za simu.

leseni_kwanza: Omera, mbona mnapiga hesabu na swali la kwanza halijajibiwa? Hakitoshi. Kibali cha kaunti ni cha kufungua mlango. Kupokea dau kunahitaji leseni ya uchezeshaji na ya jengo lenyewe, na sheria mpya ya kamari ya 2025 imechukua nafasi ya ile ya 1966. Ndiyo maana maduka mengi mtaani ni ya maajenti: leseni na kodi za dau ni za kampuni, ajenti analipwa kamisheni. Kamisheni ikifika 24,000 kwa mwezi, inakatwa 5 ya kodi ya zuio, yaani kampuni inaikata na kuipeleka KRA kabla ya kukulipa. Dai cheti chake, utakihitaji ukiwasilisha ritani.

Na usikubali mtu akuwekee mashine za kutumbukiza sarafu pembeni "kwa majaribio". Zisipokuwa na leseni zinabebwa. Hata Uingereza, ambako mteja hakatwi kodi ya dau tangu 2001, dau la juu kwenye mashine za madukani lilishushwa kutoka pauni 100 hadi 2 kwa mchezo mmoja, Aprili 2019.

chumba_kondele: Basi ni ajenti. Mkataba useme nini kuhusu washindi wakizidi pesa iliyo kaunta?

leseni_kwanza: Uweke kiwango: juu ya hapo kampuni inamlipa mteja moja kwa moja. Kisipoandikwa, usitie sahihi.