Kuwafundisha wanafunzi wa darasa la tano kulinganisha hadithi mbili za mtunzi mmoja

Mwalimu wa Wete

Assalamu alaykum walimu wenzangu. Nasomesha Kiswahili darasa la tano katika skuli moja ya hapa Wete. Wiki mbili zilizopita niliwasomea wanafunzi wangu hadithi mbili fupi za mtunzi mmoja, moja ya mvulana aliyepoteza ng'ombe wa babu yake na nyingine ya msichana aliyevunja mtungi wa jirani, kisha nikawataka waandike zinavyofanana na zinavyotofautiana. Nilipokusanya madaftari nilikuta takriban darasa zima limeandika jambo moja: "Hadithi zote mbili ni nzuri na zote zina watu." Mmoja aliongeza kwamba ya kwanza ina ng'ombe na ya pili haina, na kwa kweli huyo ndiye aliyefika mbali kuliko wenzake. Wahusika, mandhari na mfuatano wa matukio wanavijua, kwani ukimuuliza mtoto juu ya hadithi moja hukujibu bila ya kusita. Wanakwama pale hadithi mbili zinapowekwa pamoja. Tena wengi hawaoni kwa nini nashikilia kwamba mtunzi ni mmoja. Naomba wenye uzoefu wanielekeze nianzie wapi, mkizingatia kwamba nina watoto 63 na nakala 4 tu za kitabu.

Maalim mstaafu, Unguja Kusini

Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Kosa, kama lipo, limo katika swali wala si katika watoto. Ukimwambia mtoto "linganisha" na ukaishia hapo, umemtuma sokoni bila ya kumwambia anunue nini. Mpe jambo moja tu la kushika, na jambo hilohilo aliulize katika hadithi zote mbili. Kwa hizo zako mimi ningeuliza: mtoto alipokosea, alimwambia nani kwanza, na baada ya muda gani? Mvulana na msichana hao wote wameharibikiwa na mali ya mtu mzima, na wote wana habari nzito ya kuipeleka nyumbani. Basi kama mmoja alificha mpaka usiku na mwengine akasema palepale, mwanafunzi ana la kuandika, na neno "ilhali" litamjia bila ya kulazimishwa. Wahusika, mandhari na mengineyo yaache kwa vipindi vingine. Nimesomesha miaka mingi, na kila nilipoyaweka yote katika jedwali moja nilipata jedwali zuri na watoto wasiojua walichokijaza.

Mwalimu wa Chake Chake

Naungana na maalim, ila kwa darasa kubwa kama hilo nisingeanza na madaftari kabisa. Chukua kamba mbili za usumba, uzilaze uwanjani ziwe duara mbili zinazopandana kidogo, kila duara na hadithi yake. Kata vipande vya boksi, kila kundi la watoto saba wapewe vitatu, waandike sentensi moja juu ya kila kimoja, kisha wakaviweke wenyewe: kinachohusu hadithi moja kikae upande wake, kinachohusu zote kikae pale katikati. Faida yake ni kwamba kipande kilichowekwa pasipo mahali pake kila mtu anakiona, na wenzake hawamnyamazii. Kwa nakala 4, wewe soma kwa sauti, tena urudie. Mtoto aliyesikia hadithi mara moja hukumbuka mwisho tu.

Mkutubi, Mjini Unguja

Naomba nigusie suala la mtunzi, maana naona limepitwa haraka. Watoto wetu wamelelewa na hadithi za paukwa, na humo Sungura ni mjanja siku zote, lakini Sungura hana mwenyewe. Kila bibi humtia maneno yake. Haishangazi basi kwamba kwao hadithi ni hadithi, haina aliyeitunga. Kwa wakubwa kidogo huwatolea mfano wa Mohamed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi. Alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960 na Kisima cha Giningi mwaka 1968. Ukiyasoma majina hayo mawili tu unadhani utakutana na mashetani, lakini ndani Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi hizo, pamoja na kiko chake, anafuata dalili mojamoja mpaka anamfikia binadamu aliyetenda. Mtoto akishatambua kwamba mtunzi mmoja amemtisha kwa njia ileile mara mbili, ameanza kumjua mtunzi.

Mwalimu wa Chake Chake

Mfano ni mzuri, dada yangu, lakini vitabu hivyo vina mauaji na viliandikwa kwa watu wazima. Darasa la tano yatosha kuwaandikia majina ya vitabu ubaoni na kuwasimulia kwa ufupi.

Mwalimu wa Wete

Nawashukuru nyote. Jana niliuliza swali la maalim na nikalaza kamba uwanjani, nyingine niliazima kwa mvuvi jirani yetu. Vipande vingi vilikwenda mahali pake, na neno "watu" halikuandikwa hata mara moja. Kundi moja, ambalo kwa kawaida ndilo la mwisho kumaliza, lilileta kipande kilichoandikwa: "Mtunzi huyu wazee wake hawapigi, wananyamaza tu." Wakakiweka katikati. Mara msichana mmoja akasimama akasema kwamba jirani mwenye mtungi hakunyamaza bali alicheka, na kucheka si kunyamaza, kwa hivyo kipande hicho ni cha babu peke yake. Kengele ililia hawajakubaliana. Kipande nimekihifadhi ndani ya daftari langu la matayarisho, na kipindi cha Jumatatu kitaanza na hicho.