Ushauri: cheti cha BLS cha mtandaoni kitanifikisha Oman au natupa hela?

Muuguzi_wa_Zamu
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni muuguzi wa diploma, mwaka wa sita sasa niko wodi ya wanaume, hospitali ya wilaya huku Kanda ya Ziwa. Nimepata wakala anayepeleka wauguzi Oman. Nyaraka zote ziko tayari isipokuwa vyeti vya BLS (msingi wa kumwokoa mtu ambaye moyo umesimama) na ACLS (hatua ya juu yake, yenye dawa na shoti ya umeme). Jana usiku nimekuta tovuti inauza vyote viwili kwa pamoja: unasoma kurasa kadhaa, unajibu maswali, ukikosea unarudia hata mara kumi, na cheti kinaingia kwenye barua pepe saa hiyohiyo. Wameandika kinakubalika dunia nzima. Hela ninayo, ila ni ya ada ya mwanangu, ndiyo maana nauliza kabla sijalipa.

Na kuna jingine. Mwaka jana mgonjwa alizimika mbele yangu usiku. Tulijaribu kumwokoa kwa kubonyeza kifua, mimi na mwenzangu, bila kujua kama tunafanya sawa. Hakurudi. Kwa hiyo cheti nakitaka, lakini na kujua pia nataka.

Binti_Muscat
Sista, usilipe. Niko Muscat mwaka wa nne. Mwajiri wangu alitaka kadi ya Shirika la Moyo la Marekani, AHA. Walichukua namba ya kadi, wakaiingiza kwenye tovuti ya AHA, jina langu likatokea pamoja na tarehe ya mwisho. Mwenzangu niliyesafiri naye alikuja na cheti cha aina hiyo unayoitaja. Kilikataliwa. Akasoma upya kwa hela yake, na hakupangiwa zamu mpaka alipomaliza.
Mwombe wakala akuandikie ni kadi ya shirika gani inayotakiwa. Kwa maandishi, si kwa simu.

Kijana_wa_Maabara
Mbona kuna jamaa yangu alifanya HeartCode, ile kozi ya AHA, mtandaoni na ikapita? Tusimtishe dada wa watu.

Mkufunzi_Dar
Kaka, jamaa yako hakufanya yote mtandaoni. HeartCode ina sehemu mbili. Ya kwanza unasoma kwenye kompyuta au simu, na ukimaliza unapewa hati ya kuonyesha umemaliza. Hati hiyo si kadi. Unaipeleka kwa mkufunzi, unapiga magoti mbele ya mdoli wa mazoezi, unapimwa kwa mikono. Ukifaulu hapo ndipo kadi inatoka. AHA haina kadi ya BLS wala ACLS inayopatikana kwa kusoma tu.

Dada, hilo la usiku ule nimelisoma mara mbili. Hata penye vifaa vyote, wagonjwa wengi ambao moyo umesimama hawarudi, kwa hiyo usijibebeshe kifo kile. Ila swali lako la kama mlifanya sawa lina jibu, na jibu hilo liko kwenye mdoli. Mtu mzima anabonyezwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kishuke angalau sentimita 5 na kisizidi 6, kisha ukiachie kirudi juu kabisa kabla ya kubonyeza tena. Ukibonyeza mara 30, unampa pumzi 2. Maneno haya unaweza kuyakariri leo ukiwa kitandani. Lakini nimeona wauguzi wazoefu wakishuka sentimita tatu huku wakiamini wamefika, na wengine wakiegemea kifua bila kukiachia. Tangu 2019 AHA inataka mafunzo ya BLS ya mtu mzima yatumie kifaa kinachokuonyesha papo hapo unavyobonyeza. Mikono inachoka kabla hujahisi, ndiyo maana mnabadilishana kila dakika mbili. Wewe na mwenzako mlibadilishana?

Muuguzi_wa_Zamu
Hapana. Nilibonyeza mimi mpaka mwisho, yeye alishika ambu, ule mfuko wa kumpa mgonjwa pumzi.

Daktari_Bara
Hapo ndipo darasa litakusaidia zaidi. Mimi naitetea kidogo sehemu ya mtandaoni: sisi tulio mbali tunasomea nyumbani, tunasafiri siku moja tu kwenda kupimwa. Kwa ACLS isome polepole, hasa mapigo ya moyo kwenye monita. Lazima ujue yapi yanapigwa shoti na yapi hayapigwi, na adrenalini miligramu 1 kila dakika 3 hadi 5. Anza na BLS kwanza.

Muuguzi_wa_Zamu
Asanteni sana. Wakala amejibu kwa ujumbe: kadi ya AHA, zote mbili. Hela ya ada haijaguswa. Mkufunzi, nimekutumia ujumbe nijue tarehe za kupimwa, nije na mwenzangu yule wa usiku ule, naye anataka.

Binti_Muscat
Vizuri, mdogo wangu. Kadi inadumu miaka miwili tu, basi uliza kwanza visa inachukua muda gani, usije ukafika huku imebaki miezi mitatu.