Chevelle SS 1970, Mach 1 1969 au Grand National 1987: ipi itatunza thamani?

Dereva wa Ohio
Wakuu, salaam. Kuna hela nimedunduliza miaka minne nikiendesha semi. Badala ya kuiacha ilale benki, nataka gari moja la zamani la Kimarekani, niliweke miaka kumi niuze kwa faida, au angalau lisishuke. Nimeona matatu: Chevrolet Chevelle SS (Super Sport, toleo la nguvu) ya 1970, Ford Mustang Mach 1 ya 1969 na Buick Grand National ya 1987. Mngechukua lipi? Naomba majibu ya haraka, mwenye Chevelle anasema kuna mtu mwingine anakuja Jumamosi.

Kabureta Mbovu
Huyo mtu wa Jumamosi namfahamu, anakuja kila Jumamosi tangu nifike nchi hii. Haya mkuu, bajeti ngapi? Una gereji au litalala nje kwenye theluji? Chevelle ina injini gani, 396 au 454 (ukubwa kwa inchi za ujazo)? Hapo ni mbingu na ardhi. Umeuliza swali ukameza nusu yake.

Mama Ashura
Na makaratasi je? SS ya 1970 haijulikani kwa namba ya chasisi. SS ilikuwa nyongeza tu juu ya Malibu, yaani Chevelle ya kawaida, kwa hiyo namba ikianza na 136 inakwambia ni V8, basi. Ikianza na 135 ilizaliwa na silinda sita, hata ikipakwa mistari mpaka kwenye matairi. Uthibitisho ni ile karatasi ya kiwandani, mara nyingi hukutwa juu ya tangi la mafuta.
Kwa Mustang, Ford hawakuficha: herufi ya tano ya namba ya chasisi ndiyo injini. M ni 351 ya kabureta ya midomo minne, R ni 428 Cobra Jet. Ukiuziwa R kwa bei ya M, mmoja wenu hajui anachofanya.

Dereva wa Ohio
Bajeti elfu 45 za dola. Chevelle wanataka 44. Injini ni 454, imeandikwa pale juu ya madigadi.

Kabureta Mbovu
Imeandikwa! Hata mimi naweza kuandika shati langu Yanga wakanisajili?
454 ya LS6, ile ya farasi 450, huipati kwa bei hiyo labda umuibie marehemu.

Msee wa Nakuru
Mach 1 bila kufikiria sana, boss. Spea za Mustang unapata hadi bodi nzima mpya, na kila mtu anaijua, hata nyanya yangu.

Nyundo
Hapo ndipo ninapokataa. Kitu ambacho kila mtu anacho hakipandi bei. Camaro ZL1 ya 1969, yenye injini ya alumini, zilitoka 69 tu. Plymouth Hemi 'Cuda ya 1971 isiyo na paa zilikuwa 11, na moja ilipigwa mnada kwa dola milioni 3.5 mwaka 2014. Uchache ndiyo hela. Kwa elfu 45 tafuta AMX ya viti viwili, gari la kampuni ya AMC, ya 1968 mpaka 1970, watu hawajaiamkia.

Msee wa Nakuru
Watu hawajaiamkia miaka hamsini na kitu sasa. Wamelala fofofo.

Bwana Kutu
Ngojeni nisimulie yangu, maana huyu kijana ananikumbusha mimi. Nilinunua Camaro "SS" ya 1969 kwa picha, kutoka kwa muuzaji wa jimbo la kusini. Nikajiambia kusini hakuna chumvi ya kuyeyusha theluji barabarani, kutu itoke wapi? Picha 60, zote gari linang'aa. Nikalipa elfu 38, likaletwa juu ya trela. Mke wangu akatoka na sumaku ya kwenye friji, ile yenye picha ya Zanzibar, akaiweka juu ya tairi la nyuma. Ikadondoka. Akaisogeza, ikadondoka tena. Kiganja kizima cha puti!
Wiki ya pili nikatoa zulia upande wa dereva kwa sababu ya harufu ya unyevu. Sakafu ilikuwa imezibwa kwa kibao cha barabarani, kimepigwa ribiti, herufi YIE za neno YIELD bado zinasomeka. Siku zote zile nilikuwa nakanyaga kibao cha kumpisha mwenzako.
Na namba ya chasisi ilianza na 12337. Kwa Camaro, hiyo 3 iliyo tarakimu ya tatu ni silinda sita. SS zote zilikuwa V8. Ilikuwa palepale chini ya kioo siku zote, ila mimi nilikuwa naangalia rangi. Nikaja kuuza elfu 19, na aliyenunua akanihurumia.

Mama Ashura
Pole kaka. Msalimie shemeji, huyo ndiye fundi.

Kipanga
Mnamsahau Grand National. 1987 zilitoka zaidi ya elfu 20, siyo chache, lakini wanunuzi wake wana miaka hamsini, bado wana nguvu za kutumia hela. Aliyeitamani Hemi akiwa na miaka 18 mwaka 1970 leo yuko sabini na kitu, anauza, hanunui. Watoto wake wanataka Toyota Supra.

Nyundo
Grand National ni V6. Tunaongelea V8 hapa.

Kipanga
V6 yenye turbo iliyozitia aibu V8 za wakati wake. Unataka kuhesabu silinda au kushinda?

Nyundo
Nataka kusikia mlio. Gari linalopuliza kama pasi ya mvuke mimi silitaki.

Kabureta Mbovu
Mtoa mada, achana na hawa. Umefikiria bima? Zile za magari ya kumbukumbu mnakubaliana thamani mapema, lakini nyingi zinataka gari lilale ndani na hazikubali uende nalo kazini. Bado hujatujibu kuhusu gereji.

Dereva wa Ohio
Gereji nashea na jirani, ana boti. Tutaelewana.
Ila wakuu, niseme ukweli, jana nilishatoa kishika uchumba cha 500 kwa Chevelle. Nimekuza picha aliyonitumia nione namba. 1, 3, halafu ya tatu inaonekana kama 5, lakini jua limepiga kwenye kioo. Inaweza kuwa 6?

Bwana Kutu
Mwombe picha nyingine sasa hivi.

Dereva wa Ohio
Nimemwomba. Anasema yuko na mteja.

Nyundo
Tukirudi kwenye AMX…